Mikono ya Baba Ilipotulia

Kilichoanza ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Baba alikuwa amekaa barazani kwetu Tandika, pembeni ya cherehani yake, anaongea na mteja, na mie nikaona gumba lile linasugua ncha ya kidole cha shahada taratibu, bila kukoma, kama mtu anayevuta uradi ilhali tasbihi haipo. Nilidhani ni uradi kweli. Nilipoingia jikoni kumsalimia mama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umekiona? Kinaendelea mpaka usingizi umshike. Nikimshika mkono kinatulia, nikimwachia kinaanza."

Baba ni fundi wa kanzu. Kabla ya hapo sikuwahi kuiona mikono yake ikifanya kitu ambacho hakukitaka.

Mie nafanya utafiti wa kemia, naishi Kinondoni, na nyumbani kwa wazazi naenda Jumamosi. Kazi yangu ni kuchambua mimea ya dawa. Watu wanaleta mizizi, magome, majani, na sie maabara tunatafuta kilichomo ndani na ni kiasi gani. Kwa hiyo nilijua mambo mengi kuhusu majani, na kuhusu gumba la baba yangu sikujua lolote.

Mambo yakaongezeka polepole. Vipimo anavyoandika kwa chaki kwenye kitambaa vikawa vidogo, kila wiki vidogo zaidi, mpaka mama akawa anainama kuvisoma. Mguu wa kulia ukaanza kuburuta kandambili. Uso wake, uliokuwa wa kucheka hovyo, ukawa umetulia kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kanzu moja ilirudishwa kwa sababu mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Baada ya hapo akaacha kupokea kanzu, akabaki na mapindo ya sketi za shule na zipu za suruali.

Nikampeleka kliniki ya mishipa ya fahamu. Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, mpole, asiye na haraka. Alimwambia baba agongegonge vidole, atembee mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, kisha akamshika kiwiko na kukikunja pole pole. Aliniita nami nishike. Mkono haukukunjika kwa ulaini. Ulikuwa unakwama na kuachia, unakwama na kuachia, kama gurudumu lenye meno.

"Ni Parkinson, mzee wangu," alisema. "Kuna kitu ubongo unakitengeneza ili mwili utembee vizuri, na kwako kimepungua. Hatuwezi kuurudisha ubongo ulivyokuwa, ila vidonge vitakusaidia kujaziliza."

Baba alivimeza vidonge vile kwa siku chache tu. Vilimtapisha kila asubuhi. Akavifunga kwenye kimfuko na kuviweka juu ya kabati, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Hapo ndipo alipokuja rafiki yake wa Pugu. Walikua pamoja, wakatahiriwa pamoja, na sie watoto tulizoea kumwita Baba Mdogo. Alikuwa na shamba dogo la muhogo karibu na msitu, na alipoona hali ya mwenzake alisikitika sana. Jumapili iliyofuata akarudi na chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi ya chai iliyochacha.

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni," alimwambia mama. "Bibi yangu alikuwa akiwafukizia wenye pumu majani haya haya. Yanalegeza mwili."

Nilipokwenda Jumamosi, mama alinipokea getini, macho yamemjaa machozi, na nilidhani kuna msiba. Akanivuta mpaka barazani. Baba alikuwa ameshika sindano mkono mmoja na uzi mkono mwingine. Aliulamba uzi, akausogeza, ukaingia. Akanitazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeona?"

Niliona. Gumba lilikuwa limetulia juu ya paja kama gumba la mtu yeyote. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Niliishika ile mikono nikaibusu. Ilikuwa mikavu na yenye joto. Na katika kukaa naye saa ile, nikaona anakunywa maji sana, anajilamba midomo, na gazeti analisukuma mbali urefu wa mkono ndipo alisome. Nikamuuliza kama naweza kuchukua kidogo ile dawa niende nayo kazini.

"Unaenda kuipeleleza?"

"Naenda kuisoma tu, baba."

Akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu kliniki.

Maabara tunayo mashine inayotenganisha vitu vilivyochanganyika. Unaingiza tone moja, na kila kilichomo hutoka kwa zamu yake, kikichora kilele kwenye skrini. Kitu kilekile hutoka wakati uleule, na ndivyo unavyokitambua, kwa kukilinganisha na kile unachokijua tayari. Nilichuja dawa ya baba, nikaiingiza, nikasubiri. Vilele viwili vikasimama. Sikuhitaji kuvitazama mara mbili, lakini nilivilinganisha na sampuli zetu za friji, na vikakaa pale pale. Atropini, na ndugu yake skopolamini, sumu ambazo kwa kiasi kidogo ni dawa. Nikampigia Baba Mdogo kumuuliza mmea wenyewe ukoje.

"Una maua meupe marefu, kama tarumbeta," alisema. "Matunda yake yana miiba."

Mranaha. Unaota majalalani, kando ya reli, kwenye mashamba yaliyoachwa. Mbuzi wanaupita.

Kiasi kilichokuwemo hakikuwa kikubwa. Nilimpigia daktari nikamweleza. "Si ajabu mikono imetulia," alisema. "Zamani ugonjwa huu ulitibiwa kwa dawa za jamii hiyo hiyo. Lakini kwa umri wa mzee, mikono ikishatulia, kinachofuata ni akili kuvurugika. Mwambie aache. Umlete, tuanze vidonge upya, kidogo kidogo, pamoja na chakula."

Nilikwenda nikamweleza baba yote, nikijua mie ni mtaalamu na neno langu litasikika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mashine yako imesema ni dawa."

"Imesema ni sumu pia, baba."

"Imesema ni dawa," alirudia, akimgeukia mama. "Umesikia? Mtoto kaisoma kwenye mashine."

Kliniki alisema atakwenda siku ya miadi ikifika. Kanzu akaanza kuzipokea tena.

Mama alinipigia katikati ya wiki. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, na nyuma yake nilisikia cherehani ikikimbia. "Baba yako kaniagiza vikombe viwili vya chai barazani. Nimevipeleka. Yuko peke yake. Nimemuuliza hiki kingine cha nani, anasema cha mgeni."

"Labda mgeni alikuwa ametoka kidogo."

"Labda," mama alisema, na wala hatukuamini, yeye wala mimi.

Jumamosi hiyo nilifika bila kupiga simu. Baba alikuwa amesimama barazani, futi ya kupimia mkononi, kaipa mgongo barabara. Alikuwa anapima. Aliinyoosha futi toka juu kidogo ya kichwa chake, akaishusha, akazunguka upande wa pili kwa adabu, kama anavyozunguka fundi asimguse mtu bila sababu.

"Shusha bega, bwana," alisema. "Eeh. Hivyo hivyo."

Mbele yake palikuwa na ukuta na kalenda ya msikiti.

"Baba, unampima nani?"

Aligeuka. Weusi wa macho yake ulikuwa umepanuka mpaka rangi ya kahawia imebaki uzi mwembamba pembeni. "Humuoni? Huyu ndugu katoka Mbagala, anataka kanzu ya haraka." Kisha akaona jinsi ninavyomtazama, akakunja futi polepole, akaketi. "Au ametoka," alisema.

Mama akaniambia chupa ya dawa anayokunywa sasa ni mpya. Ya kwanza iliisha, Baba Mdogo kaleta nyingine, na baba alikuwa akiisifu kuwa hii ina nguvu. Niliichukua chupa nzima nikaitia kwenye mkoba. Nilijiandaa kwa ugomvi. Baba alinitazama tu nikitoka, na alikuwa anatabasamu kidogo, si kwangu.

Jumatatu asubuhi niliwahi maabara kabla ya wenzangu. Nikaingiza tone kama lile la kwanza. Kilele kikapanda, kikaendelea kupanda, kikatoka juu ya skrini. Nikaichanganya dawa na maji mengi, nikarudia, na bado kilikuwa kirefu kuliko cha mwanzo. Nikaimimina chupa kwenye kichujio. Chini zikabaki mbegu, ndogo, nyeusi, bapa, zimejaa. Majani yalikuwa yamempungukia Baba Mdogo, kumbe, akajazia mbegu.

Nikampigia mama. "Yuko wapi baba?"

"Kaondoka alfajiri baada ya swala. Kasema anakwenda Pugu mara moja."

Nikampigia baba kwa simu ya mezani ya maabara, ikaita huko huko nyumbani. Nilisikia mlio wake kupitia simu ya mama.

Mwenzangu mmoja alinipeleka na gari lake. Njia nzima hadi Gongo la Mboto alikuwa anapiga honi. Malori yalikuwa yamejaa barabarani, na kila lilipotusimamisha nilikuwa napiga hesabu za uzito wa baba na ukubwa wa kijiko, nazifuta, naanza tena.

Baba Mdogo tulimkuta uani anamenya muhogo. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo Baba Mdogo. Baba yuko wapi?"

"Alikuwa hapa sasa hivi. Kasema umempokonya dawa yake, nikampa nyingine." Akaangalia chini. "Nilikwenda kumtafutia chupa ya kubebea. Kurudi nikakuta amekunywa kikombe."

"Kikombe?"

"Kasema kijiko kinachelewa. Halafu akainuka, kasema kuna watu wanamsubiri kule." Akaonyesha upande wa msitu.

Tulimtafuta sote watatu. Jua lilikuwa kali, na mashamba yale yana matuta marefu yanayofanana, ukivuka moja unaona jingine. Kofia yake ya kudarizi tuliikuta kwanza, imeanguka njiani. Kisha kandambili moja. Nilikuwa naita na hakuna aliyeitika, ila nilipokaribia mahali miti inapoanzia nilisikia sauti yake, ya kawaida kabisa, ya mtu aliye kazini.

Alikuwa amepiga magoti katikati ya matuta. Futi ilikuwa mkononi. Alikuwa anaitandaza juu ya udongo, anaweka alama kwa kidole, anaisogeza mbele, anaweka alama nyingine.

"Baba."

"Ngoja kwanza."

"Unapima nini?"

"Sanda," alisema bila kuinua kichwa. "Wameniambia ni ya mtu mrefu."

"Ya nani?"

Hapo ndipo akainua uso. Macho yalikuwa meusi tupu. Alinitazama toka utosini, akashuka taratibu mpaka miguuni, kama anavyomtazama mteja kabla ya kumgusa na futi, na kwa muda ule hakunijua kabisa. Sijawahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa baba yangu pale. Kisha nikamshika mkono. Ulikuwa unawaka kama birika, mkavu, hauna hata chembe ya jasho katika jua lile, na moyo wake ulikuwa unapiga mpaka shingoni unaonekana.

Mikono yake haikuwa inatetemeka hata kidogo.

Tulimbeba. Garini alipigana nasi, akitaka kurudi kwa watu wake, akisema tumewaacha bila kuwaaga. Hospitalini nilimweleza daktari wa zamu alichokunywa kabla hajauliza, na sidhani kama nimewahi kutoa maelezo ya kazi yangu kwa ufupi na kwa haraka namna ile. Wakamwekea mpira wa mkojo maana kibofu kilikuwa kimejaa na hakiwezi kufunguka, wakamtundikia dripu, wakampoza kwa mashuka ya maji, wakampa sindano ya kumtuliza. Mama alifika akiwa amevaa kanga juu chini. Alikaa kitandani miguuni pake, na kila baba alipoongea na mtu asiyeonekana, mama alimwitikia ili asijione mpweke.

Ilichukua siku kadhaa. Wageni walipungua mmoja mmoja. Asubuhi moja baba aliniangalia akasema, "Mama, umekonda," nikajua amerudi. Gumba la kulia lilikuwa limeanza tena kusugua kidole.

Baba Mdogo hakuingia wodini. Alikuwa anakuja kila siku anakaa kwenye benchi la nje, na nilipomfuata kumwambia kuwa hatari imepita, alijifunika uso kwa kofia akalia. Kisha akaniambia jambo lililonifanya nikae chini karibu naye.

"Nimewapa na wengine," alisema. "Wawili. Walisikia habari ya baba yako."

Tulikwenda pamoja. Mmoja alikuwa mzee wa Chanika, yeye alitutolea chupa yake hata hatujamaliza salamu. Alisema ilimkausha mdomo akaiacha. Wa pili alikuwa bibi mmoja wa Gongo la Mboto, na aliyetufungulia mlango ni binti yake, mwanamke wa makamo, unga wa chapati mikononi. Nilimweleza nilichokiona kwenye mashine, nikamweleza yaliyompata baba. Alinisikiliza vizuri tu.

"Mama yangu alikuwa anatetemeka mpaka anauma ulimi," alisema. "Nilikuwa namlisha kama mtoto. Sasa anakula mwenyewe. Nikikupa hii chupa, wewe utanipa nini leo?"

"Kuna kliniki. Nitawapeleka mwenyewe, Alhamisi."

"Leo," alisema. "Nimekuuliza leo."

Ndani, nyuma yake, nilimsikia bibi akiongea. Sauti yake ilikuwa ya furaha, anamkaribisha mtu, anamwambia apite asiogope. Nikamuuliza binti kama wana mgeni. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Hatuna," alisema, akafunga mlango, pole pole, bila hasira.

Alhamisi nilirudi na gari la kuwachukua. Chumba kilikuwa na kufuli. Jirani alisema wameondoka juzi yake, wamekwenda Mbezi Luis kupanda basi la kwenda kwao bara, bibi amevalishwa vizuri, na binti kabeba chupa mbili za soda kwenye kikapu. Jirani hakujua ni mkoa gani. Namba yao aliyokuwa nayo Baba Mdogo haijawahi kupatikana tena. Baba Mdogo aling'oa mranaha wote uliokuwa karibu na shamba lake akauchoma, akasimama mbali na moshi.

Baba alirudi kliniki, na safari hii vidonge vilianza kwa nusu, pamoja na uji, na tumbo likavikubali. Vinamsaidia. Asubuhi anaweza kukata kitambaa na kupiga pindo. Kanzu hashoni. Daktari alinivuta pembeni siku moja akanieleza kuwa mbele ya safari ugonjwa wenyewe unaweza kuleta wageni, hata bila jani lolote, na kwamba vidonge navyo vinaweza. "Ukiona dalili niambie mapema," alisema. Mama nimemwambia. Baba sijamwambia.

Juzi juzi tulikuwa tumekaa barazani alasiri, saa zile vidonge vinapokwisha nguvu. Aliweka mikono yote miwili chini ya mapaja, kama anavyofanya siku hizi wateja wasiione.

"Mama," alisema. "Ile chupa ya kwanza haikunidhuru."

Niliangalia futi iliyokunjwa kando ya cherehani.

"Ulisema mashine inaonyesha kiasi. Basi nipimie kiasi kile. Baba Mdogo asijue. Wewe unipimie, mie ninywe mbele yako."

Nilimweleza kwamba majani ya mti mmoja hayafanani, ya asubuhi na ya jioni hayafanani, na hata yakifanana, ubongo wake wa leo si ule wa mwaka ujao. Nikamwambia kilichotuliza mkono ndicho kilichowaleta wale watu, ni kitu kimoja, siwezi kukigawa nikampa nusu anayoitaka.

"Wale watu hawakuwa wabaya," alisema.

"Ulikuwa unawapimia sanda, baba."

Alifikiri. "Kila mtu atapimiwa," alisema, wala hakusema kwa kunitisha. Alisema kama fundi. Kisha akauliza, "Unaweza lakini? Ukitaka, unaweza?"

Ningeweza. Ningeweza kukitoa kilichomo kikiwa safi, nikakipima kwa mizani inayosikia hata pumzi ya mtu, nikamtilia kwenye chai. Nilishawahi kukaa mbele ya mizani ile nikawaza hivyo.

"Siwezi," nilisema.

Alitikisa kichwa, akatazama barabara. Hajaniuliza tena. Anameza vidonge na uji, anakata kitambaa asubuhi, mchana anapumzika. Mie naendelea kwenda kila Jumamosi, na nikishaitikiwa salamu, kabla sijakaa, kabla sijaangalia mikono, namtazama kwanza machoni.